Bibi harusi wa Viana: ile dhahabu kifuani ni ya nani?

SWALI: Mdogo wangu anaishi Porto na amechumbiwa na kijana ambaye kwao ni Viana do Castelo. Bibi yake huyo kijana ametutumia picha ya vazi analotaka mdogo wangu avae kanisani: jeusi tii, na dhahabu imejaa kutoka shingoni hadi kiunoni. Mama hana raha tangu aione. Anauliza kwa nini mwanawe avishwe nguo ya msiba siku ya harusi yake, na ile dhahabu ni mahari, ni zawadi au ni ya kuazima? Na sisi tunaotoka Moshi tubebe nini? Wao ni Wakatoliki kama sisi. – Dada mtu

JIBU: Dada, mwambie mama atulie. Alichokiona pichani ni heshima kubwa, na huyo bibi asingeitoa kwa mtu asiyemtaka.

Nianze na weusi, maana ndio uliomtia mama hofu. Viana do Castelo ni mji wa mkoa wa Minho, kaskazini-magharibi mwa Ureno, karibu na mpaka wa Hispania. Kwa wakulima wa huko wa karne ya 19, nguo nyeusi ndiyo iliyokuwa nguo bora kuliko zote. Kitambaa chenyewe kilikuwa ghali, kikashonewa mahameri na shanga ndogo nyeusi za kioo zinazometameta mtu akitembea. Mwanamke wa kijijini alikuwa na nguo za rangi za kazini na za sikukuu, nyekundu, bluu, kijani, ila ile nyeusi ilisubiri siku kubwa. Gauni jeupe lilikuja baadaye, kutoka mijini, na leo maharusi wengi wa Ureno, hata wa Viana kwenyewe, huvaa jeupe. Anayevaa jeusi siku hizi amechagua kushika mila, au amechaguliwa na bibi kama huyu wenu.

Tena, mwambie mama aitazame picha vizuri. Kichwani pana shela nyeupe ya tuli au lesi, na hiyo shela ndiyo inayomtambulisha bibi harusi. Pale Viana wapo wanawake wengine wanaovaa nyeusi na dhahabu vilevile: mamodoma, yaani wasichana wanaobeba dhamana ya sikukuu ya parokia. Hao hufunga kichwani kitambaa cha hariri cha rangi. Ukienda mwezi Agosti, kwenye sikukuu ya Mama Yetu wa Agonia, utawaona wanapita barabarani mamia kwa mamia, na mgeni asiyejua hudhani ni harusi ya mji mzima. Chini soksi ni nyeupe, viatu ni ndara za kisigino kifupi, na mbele pana aproni ya mahameri iliyotariziwa, mara nyingi kwa nembo ya taji la wafalme. Jamhuri ilishaingia mwaka 1910, lakini taji bado liko kwenye aproni za kina mama.

Kuna jambo moja nakuomba usimfikishie mama mapema. Zamani vazi hilo lilitunzwa sandukuni, likavaliwa kwenye sikukuu kubwa za maisha, na mwishowe mwenyewe akazikwa nalo. Kwao hilo lilikuwa jambo la fahari, ila najua mama zetu watalipokeaje.

Sasa dhahabu.

Niseme mapema kwamba si mahari. Katika mila ya Wareno mume hapeleki mali kwa wazazi wa mke. Desturi ya zamani ilikwenda upande wa pili: binti ndiye aliyetoka kwao na mali, yaani shuka, taulo na vitambaa vya kitani alivyofuma na kutarizi mwenyewe tangu udogoni, na wenye nacho wakaongeza shamba au fedha. Kama familia yenu inataka mahari, isemeni wazi kama desturi yenu, mezani, kabla ya tarehe kupangwa. Msiihesabu ile dhahabu ya bibi kwenye mahari, maana mtaleta ugomvi ambao hata mkalimani hataweza kuutuliza.

Ili ujue ni ya nani, lazima ujue ilivyopatikana. Minho ni nchi ya mashamba madogo, na kwa miaka mingi wanaume walikuwa wakiondoka kwenda Brazil kutafuta maisha. Mke alibaki na ng'ombe, mahindi, kuku na wakwe. Fedha ya mayai, ya kuku, ya kitani alichofuma usiku ilikuwa yake, na hakuwa na benki. Akaenda nayo gulioni kwa sonara. Alianza na hereni, kwa sababu msichana wa huko hutobolewa masikio akiwa mchanga na mara nyingi mama wa ubatizo ndiye anayempa jozi ya kwanza. Baada ya hapo akanunua shanga za dhahabu, zile za mviringo zilizo wazi ndani, moja moja. Leo moja, baada ya mavuno mbili, akizitunga kwenye uzi mpaka uzi ujae. Ukifika msimu mzuri, amepata mkufu. Mwaka wa njaa ukija, au mtoto akiugua, mkufu unarudi kwa sonara na nyumba inakula. Kwa hiyo unapoona kifua kimejaa dhahabu, unaona vizazi vitatu vya wanawake waliojinyima.

Ndiyo maana dhahabu ile hupita kwa wanawake: bibi kwa binti, binti kwa mjukuu, na pasipokuwa na binti, kwa mke wa mjukuu. Nyinyi mko hapo.

Lakini siku ya harusi si yote inayotoka kwenye sanduku moja. Desturi ya kuazima ni ya zamani na haina aibu. Shangazi analeta msalaba wake, jirani anatoa mkufu, mama wa ubatizo analeta hereni, ili binti asitoke na kifua kitupu. Kesho yake kila kitu kinarudi kwa mwenyewe. Kwa hiyo jibu la swali la mama lina sehemu tatu: baadhi ni ya kupewa, baadhi ni ya familia na huvaliwa tu, baadhi ni ya kuazima. Kipi ni kipi, muulizeni bibi mwenyewe. Hatakasirika. Wanawake wa Minho huongea habari za dhahabu yao bila kificho. Watakutajia kila kipande kilinunuliwa na nani na mwaka gani ulikuwaje. Mdogo wako aandike kwenye daftari huku bibi akionyesha.

Na kile atakachopewa, kinakuwa chake kisheria? Ndiyo. Kwa ndoa zilizofungwa tangu Juni 1967, wanandoa wasioandikishana mkataba huangukia kwenye utaratibu ambao mali wanayochuma pamoja ni ya wote wawili, ila kile mtu alichoingia nacho, alichorithi au alichozawadiwa yeye binafsi hubaki chake. Kabla ya hapo kila kitu kiliunganishwa, na mume alikuwa mkuu wa nyumba mpaka mageuzi ya sheria ya 1977. Bibi yenu ameziona zama zote mbili, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya kutaka kukabidhi mkononi mwa binti, mbele ya watu, badala ya kuacha wosia.

Nikupitishe kwenye vipande vyenyewe, ili mkivishika mjue mnashika nini.

Kinachojulikana kuliko vyote ni moyo wa Viana. Si moyo wa kadi za wapendanao. Juu umejikunja upande mmoja kama ulimi wa moto, kwa sababu asili yake ni Moyo Mtakatifu wa Yesu. Ibada hiyo ilipata nguvu Ureno wakati wa Malkia Maria wa Kwanza, aliyeweka nadhiri ya kujenga kanisa akijaliwa mtoto wa kiume. Mtoto, José, alizaliwa 1761, na Basilika ya Estrela ya Lisbon ikaanza kujengwa 1779. Kijana alikufa kwa ndui mwaka 1788, miaka miwili kabla kanisa halijakamilika. Minho wakauchukua ule moyo wakaufanya pambo, na polepole ukawa wa mapenzi ya kibinadamu pia.

Mioyo mingi ni kazi ya nyuzi, na hapa naomba nikawie kidogo kwa sababu mikono inayofanya kazi hii inastahili. Sonara anavuta dhahabu kwenye bamba la chuma lenye matundu, kila tundu dogo kuliko lililotangulia, mpaka apate uzi mwembamba kama unywele. Nyuzi mbili zinasokotwa pamoja kisha zinabanwa bapa, kwa hiyo ukitazama ubavuni kwa karibu unaona vimeno vidogo kama vya msumeno. Fremu ya moyo hutengenezwa kwanza kwa waya mnene. Ndani ya fremu ndimo uzi unakunjwa kwa koleo kuwa vikonokono na mawimbi, kimoja kinakisukuma kingine, mpaka nafasi yote ijae na vijishike vyenyewe. Hapo ndipo inanyunyiziwa lihamu ya unga na kupigwa moto. Moto ukizidi kidogo, nyuzi zinayeyuka na kazi yote inakuwa tone. Vituo vikubwa vya kazi hii ni Gondomar, pembeni ya Porto, na kijiji cha Travassos kule Póvoa de Lanhoso. Wanaume ndio waliozoeleka kuwa na karakana na jina mlangoni. Wajazaji wa zile fremu walikuwa wanawake, wakifanyia nyumbani, kwa malipo ya kipande.

Kwa hiyo moyo wa nyuzi hata ukiwa mkubwa kama kiganja ni mwepesi. Thamani yake iko kwenye kazi, si kwenye mizani. Akiba halisi iko kwenye minyororo: ule mrefu unaozungushwa shingoni mara kadhaa na bado ukafika tumboni, na ile minene ya kufumwa. Bibi akimpa mdogo wako achague kimoja, moyo utapendeza pichani, ila mimi ningechukua mnyororo.

Hereni ziko za aina mbili kuu. Zile za mwezi mchanga ni za kale mno. Umbo lake linafanana na hereni za dhahabu zilizochimbuliwa kwenye ngome za vilimani za watu wa Ureno ya kaskazini kabla ya Warumi. Nyingine huitwa hereni za malkia, ndefu, na sehemu ya katikati inacheza mtu akigeuza kichwa. Inasemekana jina lilitokana na ziara ya Malkia Maria wa Pili huko kaskazini mwaka 1852. Mdogo wako azijaribu mapema. Ni nzito, na sikio lisilozoea halitavumilia misa nzima na chakula chote.

Mtaona pia sarafu za Kiingereza, zile pauni za dhahabu zenye kichwa cha Malkia Victoria, zimetiwa kwenye fremu na kuning'inizwa. Hizo hazikufika kama pambo. Ureno ilipojiunga na kiwango cha dhahabu mwaka 1854, yaani fedha yake ikapimwa kwa dhahabu, pauni ya Uingereza ilikubaliwa kisheria kama fedha ya nchi, kwa reis 4,500, reis ikiwa fedha ya Ureno ya wakati huo. Mwaka 1891 mfumo ukaanguka na fedha ikawa karatasi. Mwanamke aliyekuwa ameitundika pauni yake shingoni hakupoteza kitu.

Na kipo kipande kimoja ambacho ningependa mama akitafute kwa makusudi. Ni kidani kikubwa kinachokaa katikati ya kifua, umbo lake limeigwa kutoka monstransi, ile ambayo padri huweka Ekaristi kwa kuabudu. Wareno walizoea umbo hilo makanisani mwao, na monstransi yao mashuhuri kuliko zote, ile ya Belém, inatuhusu. Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi pwani yetu na manowari, akamlazimisha Amir Ibrahim wa Kilwa kulipa ushuru wa dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu hiyo ya Kilwa, iliyokuwa ikitoka bara kwa biashara ya Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, ilipelekwa Lisbon, na Mfalme Manuel akaamuru itengenezwe monstransi. Ilikamilika 1506, inasemwa ni kazi ya sonara Gil Vicente, na maandishi yaliyo kwenye tako lake yanaitaja Kilwa kwa jina. Ipo Lisbon, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale. Mkipata siku moja mjini humo kabla ya kupanda kaskazini, nendeni mkaione. Sisemi hivi ili mfike kwenye harusi na madai ya karne 5. Nasema tu kwamba si lazima mtembee pale kama watu wasiojua dhahabu.

Kuhusu ubora: dhahabu ya Ureno ni karati 19.2, yaani sehemu 800 kwa 1,000. Ni chini ya ile ya karati 22 inayoletwa kwetu kutoka Ghuba, na juu ya ile ya 18 inayouzwa kwenye maduka mengi ya Ulaya. Kipande halali hupigwa muhuri na ofisi ya serikali ya upimaji. Mtafute ule muhuri mdogo na namba 800, kwa kutumia lenzi. Madukani Viana mtaona mioyo mingi ya bei nafuu. Ile ni fedha iliyopakwa dhahabu. Si utapeli, muuzaji atakwambia mwenyewe, na hata kwenye gwaride la Agosti vipande vya namna hiyo havikosekani. Msinunue tu mkidhani ni akiba.

Kupamba kwenyewe ni kazi ya mjuzi. Shanga hukaa juu, karibu na shingo, minyororo inafuata kwa urefu, kidani kikubwa katikati, na kila kitu hushikizwa kwenye nguo kwa pini ili visigongane na kujisokota. Inachukua muda, mtu akiwa amesimama. Saa ya mkononi ivuliwe, na rangi ya kucha inayong'ara haitawafurahisha wenye mila. Mama aombe kuwepo chumbani wakati huo. Nadhani ndipo mama na bibi wataelewana bila lugha.

Siku yenyewe haitawashangaza sana. Watu wa bwana harusi hukusanyika kwao, wa bibi harusi kwao, wanapata vitafunio, kisha kanisani. Ndoa ya Kikatoliki ina nguvu kisheria tangu mkataba wa Ureno na Vatikano wa 1940, mradi taratibu za msajili zifuatwe kabla. Mlangoni mchele na petali. Baada ya hapo ni kula: vitafunio, samaki, nyama, keki, muziki, na usiku wa manane supu ya sukumawiki na viazi kuwaamsha wanaosinzia. Wageni huondoka na kifuko cha lozi zilizopakwa sukari. Wasimamizi wa ndoa wana uzito, nao hutegemewa kutoa zawadi kubwa. Wageni wengine hutoa bahasha. Hakuna kamati ya michango, hakuna kadi za ahadi. Anayealika analipa.

Sasa mbebe nini. Mchukulie bibi jozi ya kanga nzuri, na muwe tayari kumtafsiria jina lake. Ataelewa haraka kuliko mnavyofikiri, kwa sababu Minho, hasa Vila Verde, wasichana walikuwa na leso yao: kitambaa walichotarizi ndege, mioyo na mistari ya mapenzi, wakiandika kama wanavyotamka maana shule hawakuipata sana. Msichana alimpa kijana, na kijana akitoka nayo hadharani mtaa mzima ulijua amekubali.

Kwa mdogo wako, mnunulieni kipande kimoja cha dhahabu kutoka nyumbani, kiwe chake moja kwa moja, na mwombeni bibi akipangie nafasi kifuani. Bangili haitafaa, kwa sababu ule mpangilio unategemea shingo na masikio. Mkufu mwembamba wenye kidani, au shanga, ndivyo vitakavyokaa vizuri. Rangi yake itakuwa ya manjano zaidi kuliko ya bibi kama ni karati 22, na hilo halina shida. Wajuzi wataiona na wataulizia. Anayekibeba kutoka Moshi awe na risiti mfukoni. Msafiri wa ndege anayeingia Ulaya na zawadi zinazozidi euro 430 anatakiwa kuzitangaza forodhani. Risiti hiyo akabidhiwe mdogo wako aihifadhi, kwa sababu siku akitaka kukiuza kule, sonara wa Ureno hatakiweka dukani mpaka kipelekwe kupimwa na kupigwa muhuri, na ofisi ya upimaji ipo Porto hapohapo anapoishi.